Nilikwenda Kununua Chumba Nikiwa na Kitanda

Leo nacheka, lakini baada ya siku ile nilikaa wiki nzima nachungulia kwanza kabla ya kutoka nje ili wauza chai wasinione, na mkinitania sina la kujitetea, maana yote nilijitakia mwenyewe.

Mnajua nilivyokuwa naishi. Miaka kumi na moja nimepanga Malangali, vyumba vitano tofauti, kila nikizoeana na wateja wangu wa kushona, mwenye nyumba anamkumbuka mwanawe anayetaka kuoa na mimi nabeba cherehani yangu nahama. Nikaapa nitanunua pangu, hata kama ni chumba kimoja, mradi pawe penye watu. Nikakipata karibu na soko, chumba cha mwisho kwenye jengo la Mama Edita, choo na pa kupikia humo humo, mlango unatazama barabara, mbele wauza chai, pembeni kijiwe cha bodaboda, kelele tangu alfajiri. Nilikipenda mpaka nikakosa usingizi. Shida ni kwamba kuna mwalimu mmoja naye alikuwa anakitaka, na Mama Edita akaniambia waziwazi: "Skola, Jumamosi mwenyekiti wa mtaa anakuja kushuhudia. Tukiandikishana kabla ya saa nane ni chako, ikipita hapo nampa mwalimu."

Mtu mwenye akili angekwenda na kalamu. Mimi nilikwenda na kitanda.

Nilitaka kuona kama kitaenea na nafasi ya cherehani ibaki. Mama Edita alinishauri nipime kwa futi kamba, nikamjibu kwa kiburi, "Futi haitalala humo, nitalala mimi." Basi nikakodi mkokoteni, nikapakia kitanda changu cha mninga, sita kwa sita, kizima kizima (fundi wa Laela alikipiga misumari kila kona kwa amri yangu, kwa sababu kilikuwa kinalia nikijigeuza), nikakipitisha katikati ya soko mchana kweupe. Akina mama wakapiga vigelegele. "Bibi harusi huyo! Bwana yuko wapi?" Na mimi, mjinga, nikawapungia mkono.

Mwenyekiti, Mzee Denisi, nilimkuta ameshakaa ndani kwenye kigoda na mhuri wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Na hicho nacho ni shahidi?"

Nikaingia ndani nivute, wale wawili wa mkokoteni wakabaki nje wasukume. Tukakilaza ubavu, miguu ikaingia, halafu kikagoma. Hapo ndipo pa kusimama, lakini barabara nzima ilikuwa inatazama, nikapiga kelele, "Sukumeni!" Wakasukuma. "Tena!" Kikakwama moja kwa moja, hakiendi wala hakirudi. Madirisha yana nondo. Ndani mimi na Mzee Denisi, nje Mama Edita na karatasi zake, mwalimu na koti lake lililonyooka, na bodaboda wamesimama juu ya pikipiki wanapiga picha.

"Dada," mwalimu akauliza kwa upole kupitia kwenye chaga, "kwani mlango una upana gani?"

Ndipo nikaanza kuupima kwa shubiri.

Mara Mzee Denisi akaninong'oneza kwamba ana sukari na hawezi kusubiri. Choo kipo, ila kilikuwa hakijawekwa mlango! Nikageukia ukutani, nikaanza wimbo wa kanisani kwa sauti yote niliyonayo ili kumstiri mzee wa watu, na wauza chai huko nje wakapokea kiitikio.

Tulipomaliza (sote), Mama Edita akatazama simu. "Skola, saa nane inakaribia, na mlango wangu umeuziba." Mwalimu akakohoa kidogo. Miaka kumi na moja, halafu nikikose nikiwa nimo ndani yake?

"Leteni karatasi!"

Zikapenyezwa kwenye chaga. Nikasaini juu ya ubavu wa kitanda, Mzee Denisi akagonga mhuri, zikarudi nje, Mama Edita akasaini na majirani wakafuatia. Mwalimu akanipa mkono kati ya mbao mbili, akaondoka zake.

Fundi akaja na msumeno. "Nikate fremu ya mlango au kitanda?"

"Kata kitanda," nikasema, na nililia waziwazi msumeno ulipoanza.

Walipoondoka nikavipanga vile vipande sakafuni. Kumbe kingeenea vizuri kabisa, na cherehani ingepata nafasi yake.

Nimeapa sitasema tena "sukumeni" kwa sababu tu watu wananitazama. Sasa nalala kwenye godoro chini, na baridi yetu ya Julai mnaijua. Watu wananishauri niupanue ule mlango. Siugusi. Nimeununua kwa kitanda changu.