Mchezaji Aliyeombewa Atoke

Mchezaji aliyeumia, akihudumiwa uwanjani na mtu yeyote wa benchi lake, atatoka, na nafasi yake itachukuliwa na mchezaji wa akiba. Ndivyo ilivyotangaza kamati ya waamuzi wa mpira wa kikapu wa ligi yetu ya shule za sekondari, mwanzoni mwa msimu wa 2017, kwa nia, ilisema, ya kuondoa utata wote.

Ignace aliipokea kauli hiyo kama wengine wanavyopokea ubatizo. Siku za kazi alikuwa mlinzi wa jengo la ofisi Braamfontein, ambako aliwahi kumzuia mwenye jengo mlangoni kwa kukosa kadi. Mwenye jengo alimpongeza kwa uaminifu wake, kisha akaagiza ahamishiwe mlango wa nyuma. Jumamosi alichezesha mechi, na huko hakukuwa na mlango wa nyuma.

Alitaka kumwoa Arlène, fundi cherehani wa Fordsburg, na Arlène alikuwa amekubali zamani. Kilichobaki ni neno la dada yake mkubwa, Marcelline, msusi aliyemlea tangu wakiwa kwao Lubumbashi, kabla ya kuhamia huku, na ambaye bila idhini yake hata pazia la nyumba ile halibadilishwi. Marcelline alikuwa amemwita Ignace aje Jumapili, baada ya ibada, aseme shida yake.

Jumamosi, siku moja kabla, ratiba ikampangia Ignace mechi ya Exaucé, mwana wa Marcelline. Aliiarifu kamati kwamba anamfahamu mama wa mchezaji. Kamati ikamjibu kwamba katika ligi hii kila mtu anamfahamu mama wa mchezaji.

Mama huyo alikaa benchi la timu, kwa sababu ndiye aliyeleta machungwa, na hakuna kocha aliyezaliwa wa kumwambia asogee.

Robo ya mwisho, timu ya Exaucé ikiongoza kwa pointi moja, kijana aliruka, akatua juu ya kiatu cha mtu na kuanguka. Ignace akapuliza filimbi. Exaucé alikuwa ameshaanza kuinuka. "Niko sharp, refa," alisema, lakini mama yake alishafika. Kwao mtoto aliyeanguka hainuki hivihivi. Huwekewa mikono kwanza, maana hujui kilichomwangusha. Marcelline alitoa chupa ya mafuta mkobani, akapaka kifundo cha mguu, akaomba kwa sauti iliyowafanya hata wapinzani wafumbe macho. Wote wakasema amina. Ignace pia alisema amina, kisha akaita mchezaji wa akiba.

"Exaucé, toka."

"Atoke aende wapi?" Marcelline aliuliza.

"Benchi, yaya," alisema Ignace, akimwita dada mkubwa kama Arlène anavyomwita. "Amehudumiwa."

"Na nani? Mimi sikumupatia dawa. Nilimuombea tu."

"Mafuta yamegusa mguu."

"Ni mafuta ya kanisa!"

"Sheria haichagui mafuta, yaya."

Marcelline alifunga kizibo cha chupa polepole. "Ignace. Kesho unakuja kwangu, ee?"

"Ndiyo, yaya."

"Bon. Nilitaka tu kujua kama unakumbuka."

"Eish, refa!" mtu alipaza sauti kutoka kwa watazamaji. "Kula kabisa leo, kesho hupewi kitu!"

Akaingia Pacifique wa akiba, bado anatafuna maandazi ya magwinya. Timu ilishindwa kwa pointi tatu. Exaucé alimaliza mechi akiruka kamba pembeni kwa mguu uleule, ili pasiwe na asiyeelewa.

Jumapili Ignace alifika na suti yake na mzee François, msemaji wake, ambaye kwa desturi ndiye peke yake aliyepaswa kufungua mdomo. Mzee alianza na salamu za ukoo. Marcelline akainua mkono.

"Papa François, pumzika kidogo. Niko na swali ya arbitre, huyu refa. Ignace, niambie ile sheria. Yote, usiruke neno."

Jikoni, sahani ziliacha kugongana. Ignace angeweza kulegeza neno moja au mawili. Mzee François alimkanyaga mguu kumkumbusha hivyo. Akaisema yote.

"Mtu yeyote wa benchi lake," Marcelline alirudia.

"Wa benchi lake, yaya."

"Na kama ni mama yako mwenyewe angeingia?"

"Mtoto angetoka."

Marcelline akamgeukia mzee. "Miaka yote hii, Papa, sijaona mwanaume anayeogopa kitu kuliko mimi. Huyu iko nacho. Arlène! Leta chakula, shemeji ana njaa."

Jumamosi iliyofuata Exaucé alianguka tena. Mama yake aliingia, akapaka mafuta, akaomba, akatoka. Ignace aliangalia anakorudi kuketi, akawaza, akaamuru mchezo uendelee, na Exaucé akaendelea kucheza. Msimu wote uliobaki Marcelline alikaa kwenye benchi la wapinzani, ambao nao waliyapenda sana machungwa.