Foto ya Mlango wa Mama Hadija

Sisi tuliokulia mtaa wa Buyenzi miaka ya vita tunajua kwamba foto haikuwa mchezo. Mtoto wa siku hizi anapiga foto ya sahani ya wali, ya paka, ya kidole chake mwenyewe, na chai hajamaliza. Enzi zetu mtu alioga, akapaka mafuta mpaka magotini, akavaa viatu vya Idi, kisha akaambiwa asipumue.

Mjomba wangu Selemani alikuwa mpiga foto wa harusi. Vita vilipochacha, harusi zikawa chache na za haraka, akabaki na kamera ya mbao aliyoachiwa na baba yake, yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Watu walikuwa wanahama. Kabla ya kuondoka walimwita awapigie foto ya mlango wao, ili siku wakirudi waseme: nyumba hii ni yetu, tazameni.

Milango yenyewe ilikuwa ya mbao za zamani, rangi ya kijani imebanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na hakuna hata mmoja uliosimama wima. Mjomba hakuvumilia jambo hilo. Alipanda juu ya meza ili kamera ilingane na katikati ya mlango. “Kamera ikitazama juu kutoka chini, nyumba inalala nyuma kama mulevi,” alituambia. Sisi watoto wa mtaa, midomo bado inanuka ndagala wa kukaanga, tulimshikia timazi, ile kamba ya mwashi yenye chuma mwishoni. “Mistari! Munashika nini, mukia ya mbuzi?”

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya Mama Hadija, jirani yetu, mjane aliyekuwa anaondoka mchana huohuo kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake. Vifurushi vyake vilikuwa tayari barazani. Mlango wake ndio uliopinda kuliko yote katika mtaa. Mjomba alifupisha mguu mmoja wa kamera, akaweka tofali chini ya mwingine, ili kamera ipinde sawa na mlango, na sisi tukainamisha vichwa tukimfuatisha. Hapo wakatokea askari watatu. Waliona mtambo wa miguu mitatu, kitambaa cheusi, na mtu akinong'ona, “Bado kidogo, kushoto, kushoto...”

“Mikono juu!” kaporali alipiga kelele. “Ni kintu gani iyi? Motiye ya kutupa bomu?”

“Apana, shefu. Ni kamera,” Mjomba alijibu.

Tuliangusha timazi. Mama Hadija akakaa juu ya vifurushi vyake na kuanza kusoma dua. Wakati ule mtu alichukuliwa kwa kitu kidogo kuliko kamera, na wengine hatukuwaona tena. Mimi nilikojoa, nasema kweli.

Kaporali aliingiza kichwa ndani ya kitambaa kuhakikisha. Alikaa humo muda mrefu, akiwatazama askari wake wawili waliosimama mlangoni. Kamera zile za zamani zilionyesha kila kitu miguu juu, kichwa chini, lakini yeye hakujua. Alipotoka uso ulikuwa umebadilika.

“Kwa nini umepindua watu wa serikali?”

“Shefu, inapindua kila mutu. Hata Mama Hadija.”

“Mama Hadija ni shauri yake. Sisi utunyooshe!”

Mjomba alieleza kioo, akaeleza mwanga, jasho likimtiririka. Kaporali akafikiri, kisha akamgeukia askari wake mwembamba. “We! Simama kwa kichwa.” Askari akampa mwenzake bunduki, akaegemea ukuta kando ya mlango, akatupa miguu juu. Kaporali akarudi ndani ya kitambaa, na tukasikia sauti ya furaha: “Eeh! Sasa amesimama muzuri! Piga!”

Mjomba akapiga. Hakuna aliyecheka mpaka walipokata kona. Ndipo Mama Hadija alipocheka hadi akalia, na jioni alikuwa Uvira.

Alirudi vita vilipotulia, akakuta bwana mmoja anaishi mle na hataki kutoka. Mtaa mzima tulikusanyika. Shefu wa katiye, yaani mkuu wa mtaa, alichukua foto ambayo Mjomba alikuwa ameitunza, akaigeuza huku na huku. “Mama, kwa foto mulango imenyooka, na musoda anasimama kwa kichwa. Hapa mulango imepinda. Si huu.”

Mjomba, mzee sasa, alikasirika. “Basi kosa ni ya mulango!”

Mama Hadija alisogea, akainua kitasa, akasukuma pembe ya chini kwa mguu, na mlango ukafunguka. Yule bwana, tangu ahamie, alikuwa akiingia kwa dirisha. Shefu akamwambia afungashe.

Leo Mama Hadija na Mjomba wote wamezikwa. Wajukuu wao wana simu inayonyoosha nyumba kwa kugusa kidole, nao hawana habari nyumba ni ya nani. Mlango ule umeng'olewa, umewekwa wa chuma, umenyooka kabisa, na kengele juu yake. Nikienda kuwasalimia wajukuu wa Mama Hadija nabonyeza, nangoja juani, mpaka sauti ya kitoto iniulize mimi ni nani. Enzi zetu hodi tulikuwa tunaipiga tukiwa tumeshafika jikoni.