Godoro Halitoki Bila Kupimwa

Mtaani walimwita Pamba, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila pamba nywelini, kwenye nyusi, mpaka ndani ya masikio. Mimi ni shangazi yake, dada wa baba yake, na ndiye niliyemlea baada ya wazazi wake kufuatana makaburini kama watu walioahidiana safari. Mtaa mzima ukaniita Shangazi kwa sababu yake. Kwa hiyo nikisema habari za Pamba sisemi za kusikia. Za kusikia zimekwisha kusemwa, tena zimezidi.

Alikuwa mtoto mzito. Sisemi mjinga, nasema mzito. Ukimtuma chumvi, anarudi mboga imeshaliwa. Walimu walimchoka, nami sikuwalaumu. Nikampeleka kwa mzee mmoja mshona magodoro, nikamwambia huyu kichwa chake kinachelewa lakini mkono wake una subira. Mzee akampa fimbo apige pamba. Kazi ya godoro inaanzia hapo: unaipiga mpaka ifunguke yote, ukiharakisha inabaki na mabonge, na mtu atayalalia hayo mabonge miaka akikulaani. Pamba hakuharakisha. Alipiga kutwa, ukimsalimia anaitika wewe umeshafika nyumbani kwako. Yule mzee alipochoka, banda likawa lake, na fimbo ikawa yake, na ile sindano kubwa tunayoiita shazia.

Akaoa. Nikasema sasa na mimi nimepumzika. Mkewe akafariki akamwachia mtoto wa kike bado ananyonya. Ndugu wote walisema mtoto aletwe kwangu, na mimi nilishatandika, nilishanunua hata beseni la kumwogeshea. Akaja mikono mitupu.

"Shangazi, wewe umeshalea," akaniambia. "Huyu niachie mimi."

Nilinuna. Mimi nikinuna si mchezo, waulize waliooana na ndugu zangu. Lakini alimlea. Alimlea palepale bandani, mtoto analala kwenye lundo la pamba, baba anapiga fimbo yake kando, na kelele zile ndizo zilizokuwa bembelezo lake. Akimsogeza mbali na zile kelele, analia.

Mtoto alipewa jina la mama mzaa baba, yaani wifi yangu. Basi na yeye akawa wifi yangu, na mawifi hawaachi kuchokozana. Nikipita bandani namwambia, wifi, mbona leo hukuja kunisalimia, umeshiba nini? Naye, meno ya mbele hana, mikono kiunoni: "Nimeshiba, wifi, lakini si kwako." Wateja wanacheka mpaka wanashika ukuta. Huyo ndiye aliyekuwa akituingizia uzi kwenye sindano, mimi na baba yake, maana macho yangu yalishaanza kunikimbia na ya Pamba yalikuwa yamejaa vumbi.

Na kazi yake nyingine ilikuwa kupima. Godoro la Pamba halitoki bandani bila kupimwa. Likimaliza kushonwa linalazwa chini, mtoto anavua viatu, analala chali, anageuka ubavu huu, anageuka ule, anafumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Akisema "hapa kuna jiwe", hata kama mwenye godoro amesimama na mkokoteni, Pamba anafumua. Habishani. Anafumua, anapiga pamba upya, anashona. Watu walikuja kutoka mitaa ya mbali kwa ajili hiyo. Mtu akitaka kununua, swali lake la kwanza: limepimwa? Waliooana, waliozaa, waliougua, wote walilalia magodoro ambayo yule mtoto aliyalalia kwanza. Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililokuja kutugeukia.

Ilikuwa siku ya mvua kubwa, mvua ya kufunga milango. Ilipokatika, Mama Genge, yule anayeuza nyanya na vitunguu mbele ya banda, alikwenda kumwuliza Pamba kama maji yameingia ndani. Akamkuta chini, kichwa kimepasuliwa, na pamba iliyomzunguka imeshiba damu yake. Fimbo yake ilikuwa kando. Mkoba wa shule wa mtoto ulikuwa msumarini. Mtoto hakuwepo.

Nilipofika, nilimwangalia mwanangu kwanza, sitasema zaidi ya hapo. Halafu niliangalia mlangoni. Viatu vyake vya mpira, vyekundu, vya mvua, havikuwepo. Hilo ndilo nililolishika, na mpaka leo sijaliachia. Mtoto akiwa ndani anavua viatu. Kama viatu havipo, basi alivivaa. Kama alivivaa, alitoka kwa miguu yake. Nilimwambia afande mpelelezi, akaandika. Nilimwambia kila aliyekuja, wakasema ni kweli Shangazi, ni kweli.

Siku za mwanzo walimtafuta, siwezi kusema uongo. Vijana waliingia mitaroni na fimbo, wanawake walikwenda stendi, walikwenda hospitali, walipita kwenye majumba yasiyokwisha kujengwa wakiita jina lake, na mimi nilikuwa nikisikia lile jina la wifi yangu likiitwa huku na huku kama amefufuka. Kisha miguu ikachoka, midomo ikashika zamu.

Wakasema mtoto amemwona muuaji, muuaji kamchukua. Wakasema amevushwa mpaka. Wakasema ndugu wa marehemu mama yake wamekuja kumdai, na mama yake hana ndugu hata wa kumzika, mimi ndiye niliyemzika. Watu ambao hawajawahi kukanyaga mtaani kwetu walizungumza kwenye simu, wakataja gauni lake, wakataja urefu wake, mmoja akasema ameoteshwa. Kila simu ya mtaa ule ikawa na mtoto wetu ndani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumtoa humo akampa mkono.

Wengine wakasema ninaye mimi. Wanawake walikuja kunipa pole, macho yao yakawa yanateremka uvunguni. Nikainua shuka la kitanda mwenyewe. Nikawaambia inameni mtazame vizuri, msije mkaondoka na shingo zimepinda. Waliinama.

Ng'ambo ya banda pana kinyozi. Si mtu mbaya. Mdomo wake umezoea mwendo wa mkasi, hauwezi kukaa kimya. Siku hiyo alikuwa akinyoa kichwa cha mtu, akasema tu, kama anayejiuliza: lile godoro lililotoka siku ile aliyouawa Pamba, lilipimwa na nani? Kabla hajamaliza upande wa pili wa kichwa, maneno yalishavuka barabara. Yalipofika gengeni yalikuwa tayari yamesema kwamba mtoto aliyelala juu ya kila godoro, lile la mwisho hakulala juu yake, alilala ndani.

Mwenye godoro hilo alikuwa fundi baiskeli, nyuma ya mashine ya kusaga. Mkewe alilipasua uani, watu wamezunguka, simu zimeinuliwa. Ilikuwa pamba tupu, nyeupe, iliyopigwa vizuri. Mimi nilidhani yameisha. Lakini kukosa ndiko kulikowapa nguvu. Kama si hilo, wakasema, ni jingine.

Basi wakaanza. Waliochukua godoro wiki ile walipasua, na waliochukua mwezi uliopita walipasua. Kisha hata waliolalia miaka, waliozaa watoto juu yake, wakapasua, maana hofu haiulizi tarehe. Pamba ikatapakaa mtaani, ikaingia kwenye maji ya mvua, kuku wakawa wanaivuta kwa miguu. Kazi yote ya mtu mzito, asiyeharakisha, ikafumuliwa na watu wenye haraka.

Nilikwenda mlango kwa mlango, na nyonga yangu hii mbovu. Sikuwahi kumwomba mtu hata kiberiti katika mtaa ule, lakini nilikwenda nikaomba. Kwa mama mmoja mwalimu nilimkuta kisu kiko mkononi.

"Mwanangu," nikamwambia, "mkimtafuta ndani ya godoro, nani atamtafuta njiani? Mtoto akipita hapo na viatu vyake vyekundu, nani atainua kichwa? Nyote mmeinamia pamba."

"Shangazi, nakuelewa," akasema. "Lakini wanangu wanalilalia."

Kisu kikaingia.

Nilikwenda kituoni. Afande akaniambia mtu akichana godoro lake mwenyewe si kosa, wao wanaendelea na uchunguzi, Shangazi nenda nyumbani kapumzike. Nikamwuliza nikapumzike juu ya nini. Hakucheka, na mimi sikukusudia acheke.

Mwisho likabaki langu. Pamba alinishonea alipopata banda, na juzijuzi tu kabla ya kifo chake alilifumua akalijaza upya. Upande wa kushoto alizidisha pamba, bonge zima, kwa ajili ya nyonga yangu. Mtoto alilipima, akalala, akageuka, akasema hapa kuna jiwe. Baba yake akamwambia hilo liache, hilo ni la wifi yako. Mtoto akanitazama akasema, "Wifi, wewe hata godoro lako ni kaidi." Nikalichukua na bonge lake.

Walikuja mchana, kinyozi na wanaume wengine watatu au wanne, wamevua kofia. Mimi nikaenda nikakaa juu ya godoro langu, nikakunja mikono.

"Shangazi, si kwa ubaya," kinyozi akasema. "Ni ili moyo utulie."

"Moyo wa nani?"

Wakatazamana. Wakaondoka, maana hakuna aliyekuwa tayari kumnyanyua mwanamke mzee kitandani kwake mchana kweupe. Nilijiona nimeshinda.

Lakini walipotoka, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye lile bonge. Nalijua. Nilikuwepo likiwekwa, nilicheka likiwekwa. Mkono ukaligusa ukabaki hapo. Nililala juu yake na sikupata usingizi, nikawa nalisikia chini ya nyonga, linakuwa gumu, linakuwa kama kitu kilichojikunja. Nikajitukana, nikamtukana kinyozi na mkasi wake. Kulipokucha nilichukua kisu cha vitunguu nikalipasua.

Ilikuwa pamba. Nilitia mikono yote miwili mpaka viwiko, nikatoa lile bonge, nikalichana kipande kwa kipande mpaka likawa si kitu. Pamba tupu. Nikakaa katikati yake. Sikulia, mimi silii ovyo. Niliona tu kwamba na mimi nimeinamia pamba, kama wao, na mlango wangu ulikuwa nyuma yangu, na angeweza kupita mtu.

Nikasema nitalishona. Shazia ya Pamba nilikuwa nayo, niliichukua bandani siku ile kabla mtu mwingine hajaichukua. Tundu lake ni kubwa, kijana yeyote anaweza kulilenga. Nililenga, nikalamba uzi, nikalenga tena, nikauzungusha kwenye mwanga wa mlango. Uzi unapita kando. Kwa mazoea nikasema, "Wifi, njoo." Nilisema kwa sauti.

Aliyekuja ni kinyozi. Alikuwa ameona pamba mlangoni kwangu na akajua. Alisimama kizingitini, sikumkaribisha, sikumfukuza. Akanyoosha mkono, nikampa sindano. Akaingiza uzi mara moja.

"Shangazi," akasema, "mimi nilikuwa naongea tu."

"Najua," nikamwambia. "Wote mlikuwa mnaongea tu."

Akachuchumaa akanishikia kingo za kitambaa nikashona. Nilishona vibaya, mishono mirefu, huku imevimba huku imelegea. Pamba angeifumua. Kinyozi hakusema neno mpaka mwisho, na nadhani ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Tulilisimamisha godoro ukutani, akaenda kufungua kibanda chake. Baadaye nilimsikia kwa mbali, sauti yake imeanza tena, nikashindwa kujua anazungumza habari gani.

Wale waliomwua Pamba hawajakamatwa. Afande nikimwuliza ananiambia uchunguzi. Godoro langu liko palepale ukutani, mimi nalala kwenye mkeka.

Juzi nilikwenda gengeni. Mama Genge akaniambia kuna mtoto wa kike ameonekana kwenye stendi ya mji mwingine, anazurura, watu wanasema ndiye. Wengine wanasema siye. Nikamwuliza amevaa viatu gani. Akasema hilo la viatu hawakulisema. Nikamwuliza ni nani aliyemwona, akasema ni watu, hajui ni watu gani.

Kisha akaniuliza kwa nini nalala chini na nyonga ile, na godoro ninalo.

"Bado halijapimwa," nikamwambia.

Akanichagulia nyanya, zile ngumu ninazozipenda, moja moja, na hakuinua uso mpaka alipomaliza kunifungia.