Kuulizwa Mekoni

Wali wa karamu ukifunuliwa, mvuke hupanda mpaka humwoni aliye mbele yako. Unasikia sauti tu. Siku hizi ndivyo ninavyokumbuka: sauti kwanza, kisha uso unatoka taratibu mvukeni, kisha jina. Majina yote ninayo, ya wanawake wote niliopika nao tangu ujana, na ya mama zao. Hapa siyaandiki. Walio hai wataona haya, na waliotangulia nawataja kwenye dua, inatosha.

Ninaloandika ni la mjukuu wangu na kazi ya jikoni kule Afungi, ndani ya ule uzio wanakojenga mitambo ya gesi.

Mara ya kwanza alipoitwa kwenye entrevista, kwenda kuhojiwa, alirudi adhuhuri akavua viatu mlangoni, akavipanga vizuri kupita kiasi. Nikajua. Mwenye habari njema hana habari na viatu.

"Wamekuuliza nini, mke mwenzangu?"

Ndivyo ninavyomwita. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na mume wetu, babu yake, alikuwa pale pale barazani anachambua mbaazi.

"Wameniuliza kama naweza kupikia watu mia mbili kwa mara moja."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sijui sana, nitajaribu tu, nyie ndio mnaojua."

"Macho yalikuwa wapi?"

"Chini, bibi. Si watu wazima wale?"

"Mke wangu mdogo ana adabu," babu akasema bila kuinua kichwa.

"Adabu ninayo, kazi sina," akamjibu, akaingia ndani.

Nilibaki na ungo mapajani, sipepeti. Maneno yale yalikuwa yangu. Nilimfundisha mimi, tangu hajaota meno ya ukubwa. Kwetu mtu akikuuliza kama unajua kitu, unakikana. Mshonaji hodari atakwambia anabahatisha tu. Na anayesikiliza anaelewa, anamwachia kitambaa chake. Lakini yule mama aliyekuwa akiuliza alikuwa mgeni, kaletwa na kazi kutoka kusini, akayapokea maneno kama yalivyotoka mdomoni. Mtoto kasema hajui, akaandika hajui.

Na mtoto anajua. Wakati wa vita, tulipokimbia tukakaa miezi mingi kwenye uwanja wa shule ya watu, yeye ndiye aliyepika kwa sufuria kubwa mpaka mikono ikanuka moshi hata akitoka kuoga. Ila hilo hakulisema. Hakuna aliyempa karatasi ya kazi ile.

Usiku ule hakula. Asubuhi akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufunga mzigo moyoni, kwamba wataitwa tena kwa jiko jingine, na akikosa mara hii atavuka mpaka pale Namoto, aende upande wa pili akatafute kazi za ndani. Namoto si mbali. Lakini nimewaona wengi waliovuka kwa wiki moja, na mama zao hadi leo wanawasikia kwenye simu. Mimi na mume wangu tumebaki na yeye tu nyumbani.

Basi alasiri ya kuamkia siku yenyewe nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, yeye nikamweka mkekani. Jua lilikuwa limelegea, rangi ya samli, na upepo ulikuwa unaleta harufu ya majani yanayochomwa mashambani. Nilimtazama kwa muda. Nikawa simwoni tena yeye, namwona mwari mwingine, miaka mingi nyuma, kasimama mbele ya mafiga huko Olumbi na kanga iliyofungwa vibaya. Alikuwa mimi.

Ilikuwa harusi, karamu yangu ya kwanza baada ya kuolewa. Kwetu bibi arusi mpya wa mtaa hapewi sufuria hivi hivi. Kwanza anaulizwa mekoni. Wanawake wakubwa wanasimama kuzunguka moto, na mkuu wa meko, mama mnene mwenye sauti ya kinu, anamuuliza mbele ya wote.

"Vidole kama tambi hivyo, nani kakwambia unajua kupika?"

Nikainama. "Mimi sijui, nyie ndio mnaojua."

Waliniweka kwenye vitunguu kutwa nzima. Nilimenya mpaka sikujua lipi chozi la kitunguu na lipi la kwangu. Jioni mkuu wa meko alikuja akachuchumaa karibu yangu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, adabu iache mlangoni pamoja na viatu. Hapa pana njaa ya watu. Nikikuuliza unajua, nambie nani kakufundisha. Nikikudharau, nambie lini uliunguza na ulifanyaje. Asiyewahi kuunguza hajapika, na mimi simpi sufuria."

Karamu iliyofuata aliuliza tena, matusi yale yale. Nikamtazama machoni. Nikamtajia aliyenifundisha, na wali wa maziko ya mjomba ulioshika chini. Akanipa mwiko.

"Bibi, umelala?" mjukuu akaniuliza.

"Nipo. Naanza." Nikakaza uso. "Wewe binti, mikono kama miguu ya kaa, utaweza kuinua sufuria?"

Akacheka. Nikamnyamazisha. "Huko hawacheki. Jibu!"

"Nitajaribu..."

"Vitunguu!"

"Bibi!"

"Vitunguu, kutwa. Tena: huna certificado, huna cheti. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi, umelala?"

"Tulikimbia."

"Wote tulikimbia. Wewe ulifanya nini?"

Mume wetu, tuliyedhani kasinzia kule kwenye mbaazi zake, akasema, "Mwambie siku ya ukoko."

Siku ya ukoko wali wa uwanja mzima ulishika. Foleni ilikuwa imeshafika kwenye mti wa bendera, watoto na mabakuli. Mpishi asiyejua angeingiza mwiko akakoroga, na harufu ya kuungua ingepanda kwenye kila punje. Yeye hakukoroga. Aliepua, akakalisha sufuria kwenye mchanga aliomwagia maji, akaweka vitunguu vilivyokatwa juu ya wali, akafunika. Kisha akapakua wa juu tu kwenye sufuria nyingine, ukoko akauacha chini. Watu walikula. Wachache walisema leo wali una moshi kidogo, mtamu.

"Na wakikudharau kesho," nikamwambia, "usikoroge vilevile. Usikasirike, usijikane. Epua kwanza, ndiyo useme."

Siku yenyewe nilikaa na tasbihi lakini hesabu ilikuwa inanipotea. Alirudi adhuhuri. Kiatu kimoja kilibaki kibarazani, kingine akaingia nacho hadi chumbani.

Alikuwa yule yule mama wa kusini, akanisimulia, na bwana mmoja mfupi mwenye miwani. Bwana ndiye aliyemtilia shaka. Kamtazama mikono, kamwambia, "Dada, huna karatasi, huna miaka ya kazi, na hapo ulipo unaonekana hujala tangu jana. Kwa nini nikuamini na jiko langu?"

"Nilitaka kuinama, bibi. Shingo yenyewe ilikuwa inakwenda. Nikaiepua."

Akawasimulia uwanja wa shule, foleni, mchanga, vitunguu. Kwa Kireno, taratibu, na pale neno lilipokosekana alionyesha kwa mikono ile ile. Yule bwana akaweka kalamu chini. Akauliza, "Ukoko mliufanyaje?" Akamjibu, "Tuliula sisi tuliopika." Mama wa kusini akacheka, akasema kwao pia wapishi ndio wanaokula uliogandia. Bwana akauliza nani kamfundisha. Akanitaja. Jina langu kamili, na la mama yangu, mbele ya watu wale.

Wamemchukua. Anaondoka alfajiri kwa gari la wafanyakazi, kofia nyeupe kaikunja mkobani. Wiki ya kwanza alirudi ananicheka: wapishi wakubwa kule, wanawake wa kutoka kila mahali, walisimama wakamtazama vidole, mmoja akamuuliza kama vitastahimili mwiko wa chuma.

"Hata huko wanauliza mekoni, bibi."

"Ukasemaje?"

"Nikawauliza wao waliunguza lini. Tukakaa tunasimuliana mpaka kengele ikalia."

Jana mchana nilikuwa peke yangu jikoni, najaribu kuwaona hao wanawake nisiowajua, kila mmoja na wali wake ulioshika, nyuso zinatoka mvukeni bado hazina majina. Nikawaza akija nimuulize anitajie mmoja mmoja. Mvuke ukageuka rangi. Nikanusa.

Mume wangu alichungulia mlangoni. "Mke mdogo kaenda kazini, mkubwa ananiunguzia. Wali wa nani huu?"

Nikamtazama machoni. "Wangu," nikamwambia, nikaepua.