Teke Lisilotoka Kichwani

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, treni ya mizigo iliyotoka Kilosa ilimgonga maksai wetu mmoja kwenye kivuko cha reli, kabla ya kufika Mikumi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapeleka wote wawili shambani. Wa kwanza alikwisha kuvuka. Wa pili alipigwa ubavuni, akarushwa chini ya tuta, akaangukia mawe kwa mgongo.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili katika kijiji cha ujamaa. Wengi tulikuwa watoto wa vibarua wa mkonge na wa reli, Waislamu wakiwa wengi zaidi. Mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu hakikuliwa kijijini. Kama maksai angepona, tungemsubiri, maana jembe la kukokotwa lilihitaji wawili. Kama hangepona, ilibidi kisu kimfikie kabla hajakata roho.

Alijikokota kwa miguu ya mbele, makalio yakiburuzika nyuma kama gunia, povu la damu likimtoka puani. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mbio akamkamata pembe. Maksai akatupa kichwa, pembe ikampasua mwenyekiti mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja. Akaufunga kwa shati lake, akaendelea kutoa amri.

"Mwinueni! Mpigeni ainuke!"

Wanakijiji waliokuwa wamekusanyika walimpiga mapajani kwa mipini ya majembe mpaka ngozi ikachanika. Mtu mmoja alimpinda mkia mpaka ukavunjika. Mwishowe wakamwashia nyasi kavu chini ya mapaja. Manyoya yalipoanza kuungua, mguu wa nyuma uliruka ukampiga gotini yule aliyewasha moto, naye akaanguka akipiga mayowe.

"Mmeona?" mwenyekiti akasema. "Miguu ina uhai. Huyu anapona!"

Mimi nilikuwa nikiutazama uso. Mguu uliruka, lakini jicho halikupepesa na sikio halikutikisika.

Nilijifunza kusoma ukubwani, na kijitabu cha mifugo nilichopewa na bwana mifugo nilikuwa nimekirudia mara nyingi. Nikachukua mwiba mrefu, nikaanza kumchoma begani, nikishuka na uti wa mgongo pingili kwa pingili. Kila nilipochoma alilaza masikio na kunitupia pembe. Nilipovuka ubavu wa mwisho, akatulia. Nikamchoma juu ya kwato ya nyuma: mguu ukaruka, uso ukabaki vile vile.

Ubongo umo fuvuni. Kutoka hapo hushuka kamba nyeupe ndani ya pingili za mgongo, na kwenye kamba hiyo huchipuka mishipa ya fahamu iendayo kila kiungo. Maumivu hupanda nayo, amri ya kutembea hushuka nayo. Lakini teke la ghafla haliingoji amri ya kichwa. Kamba yenyewe hujibu mguso. Ikikatika kati, kipande cha nyuma hubaki na jibu hilo tu.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "mguu unaruka, lakini mwenyewe hana habari nao."

"Mguu wa nani basi, wangu?"

Watu wakacheka.

"Daktari wa kisomo cha jioni," akaongeza. "Tutasubiri mpaka adhuhuri."

Mzee mchinjaji, aliyekuwa amechuchumaa karibu na kichwa, aliweka kiganja mbele ya pua ya maksai, kisha akaanza kukifunga kisu chake kwenye kitambaa.

"Unakwenda wapi, mzee wangu?" mwenyekiti akauliza.

"Nyumbani. Pumzi zinakatika. Mimi kibudu sichinji."

Mwenyekiti alimtazama maksai, damu ikimdondoka vidoleni.

"Haya. Chinja."

Watu sita walimlalia shingoni. Alipigana kwa mbele peke yake, akamvunja mmoja meno mawili kabla kisu hakijapita. Damu iliruka mpaka kwenye reli. Kichwa kilipolegea, miguu ya nyuma ilirusha mateke kwa nguvu kuliko asubuhi yote.

"Angalieni!" mwenyekiti akasema. "Mmemchinja mzima."

Niliupasua mgongo kwa shoka, nikamwonyesha. Nyuma ya ubavu wa mwisho pingili ilikuwa imesagika, na kamba imekuwa kama uji wenye damu. Mbele na nyuma ya hapo ilikuwa nyeupe, imara.

"Hiyo umeiponda wewe kwa shoka lako," akasema, akaenda zahanati kushonwa mkono.

Mapaja yote mawili yalikuwa yamevilia damu kwa vipigo na kuungua kwa moto, tukayafukia. Nyama iliyobaki tuliiuza shilingi mia mbili na kumi. Maksai tulikuwa tumemnunua kwa mia tatu na themanini. Kijiji kilipoteza shilingi mia moja na sabini.