Kikombe cha Gaudiose

Godeberthe hakukosa neno la Mungu kwa jambo lolote. Akiuza dagaa na chumvi sokoni Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, alikuhubiria hata kama umefuata chumvi tu: kuhusu wanaofunga Kwaresima na kusengenyana bombani, kuhusu wanaume wenye rozari shingoni na pombe tumboni. Unafiki ulimtia kinyaa, na alipenda watu wajue hivyo.

Jirani yake Gaudiose, mjane wa Burundi kama yeye, alikuwa amefika miezi minne nyuma na kujifungia ndani. Misa haendi, sokoni haonekani, ukimwita anakujibu maneno mawili ya Kirundi na kurudisha mlango. Godeberthe, kiongozi wa jumuiya, aliapa kumtoa. Basi kikundi cha maombi cha Kamukuzi, kule Mbarara, kiliposema kinakuja kutembelea wajane, akapeleka jina la Gaudiose.

"Watu wa Mungu wanakuja kwako," alimwambia kwa Kirundi. "Watakuheshimu, utaona."

Kwa mara ya kwanza Gaudiose alitabasamu. Alifuata ndizi mpaka Rugaaga, akazikamua mwenyewe, na siku ilipofika akavaa imvutano nyeupe, vazi la wanawake wa kwao la siku kubwa.

Wageni walikuwa wawili, bwana Natanaeli na dada mmoja wa kupiga picha kwa simu. Natanaeli alimtazama mwenye nyumba juu hadi chini.

"Huyu mama hana nguo ingine? Hii ni ya harusi. Watu wataona kama hana shida."

Godeberthe akachukua kitenge kikuukuu kilichokuwa kwenye kamba, akamfunika nacho mjane wa watu. Eti picha ipendeze.

Gaudiose akaingia ndani. Akaleta kikombe cha maji ya ndizi. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue hapewi sumu. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Akaonja, akapiga goti, akakitoa kwa mikono miwili.

Dada akaruka nyuma. "Ayi! Si amekunywa?"

Natanaeli naye akatoa kichupa cha dawa ya mikono, akajipaka mpaka viwikoni, na kikombe chenyewe hata hajakigusa! Na hao ndio waliokuja kwa jina la Yule aliyewashika wakoma. Uchafu mtupu, tena wa rohoni, ambao hauna sabuni.

Godeberthe angeweza kueleza desturi kwa maneno machache. Lakini wageni walimgeukia yeye, wakamkazia macho, akaona haya kuhesabiwa pamoja na Gaudiose. Akakinyakua kikombe.

"Mutusamehe, bwana," alisema kwa Kiswahili, lugha aliyodhani Gaudiose haijui. "Huyu ni mama wa porini, usafi hajui. Kwangu mimi hatufanyaka hivi." Akacheka, wakacheka naye.

Gaudiose akapewa mche wa sabuni aushike kifuani, akapigwa picha tatu, akaombewa kwa sauti iliyofika barabarani. Kisha wakapanda gari lao wakaenda zao.

Godeberthe akabaki mlangoni na kikombe mkononi. Kinyaa kilimjaa, kwanza kwa ajili ya wale wawili, halafu kwa kicheko chake mwenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa akiwatemea wanafiki mate, kumbe yanamrudia usoni. Alipaswa kupiga magoti pale pale aombe msamaha. Badala yake alisema kwa Kirundi, kwa upole wa kiongozi wa jumuiya:

"Wameshukuru sana, dada. Ni vile tu walikuwa wameshiba."

Gaudiose alivua kile kitenge, akakikunja polepole, akaweka sabuni juu yake. Halafu akajibu kwa Kiswahili ambacho hakuna mtu Nakivale aliyewahi kumsikia akikisema, tena kilichonyooka.

"Nilikaa kambini Kigoma miaka kumi na miwili, Godeberthe. Nimesikia yote." Akanyoosha mkono. "Lete kikombe changu nikakioshe. Umekishika wewe."