Siku Niliyochomoa Swichi Kwenye Matanga ya Karungu

Hii nasimulia mara moja tu, na mkitaka kucheka chekeni sasa, kwa sababu mimi nikiikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mimi ni fundi wa mitandao hapa Suna, na kazi naijua (ama ndivyo nilivyokuwa najisifu). Achieng, tuliyesoma naye, alifiwa na mamake kule Karungu, kando ya ziwa, na kaka yake Ochieng yuko ng'ambo, makaratasi hayajakaa sawa, akitoka huko harudi. Aliomba kitu kimoja tu: jeneza likifunguliwa kanisani mara ya mwisho, amwone mama usoni, hata kama ni kwa skrini. Intaneti ilikuwa ofisini kwa pasta, ng'ambo ya uwanja, na waya wa faiba ulikuwa umeshafukiwa hadi kanisani, ikabaki tu niweke moduli (kakitu kadogo kama kidole, ndiko kanapokea mwanga wa faiba) kwenye swichi, kile kisanduku cha kugawa intaneti, na kuifungulia laini.

Nikaichomeka, nikaandika mipangilio kwa laptop, taa ya kijani ikawaka, Ochieng huyo kwa skrini, watu makofi. Ilibaki amri moja ya kuhifadhi, maana bila hiyo swichi ikizimika inasahau kila kitu, lakini MC akaita, "Fundi wetu wa Suna asimame tumwone!" Basi nikaacha laptop nikaenda mbele kupunga mkono kama mheshimiwa.

Kurudi, mpiga kinanda anatafuta soketi. Kwa ukarimu wangu wa kijinga nikachomoa swichi, "sekunde moja tu," nikaweka ekstensheni, nikairudisha. Taa ya moduli haikuwaka tena.

Na pasta ndiyo kwanza anafungua jeneza.

"Omera, ndugu yangu, Ochieng amepotea," Achieng akaninong'oneza. "Ni nini?"

"Dakika mbili."

Nafungua laini isiyo yenyewe, naanza upya, nakosea tena, na MC anatangaza kwa maikrofoni eti tunamngoja fundi, kanisa zima likageuka kuniangalia. Shangazi yao mmoja akauliza kwa sauti, "Si huyu ndiye alikuwa anapunga mkono?"

Pasta alingoja, wallahi alingoja. Wimbo uliimbwa mara mbili. Lakini mvua ilikuwa imetanda ziwani na kaburi liko wazi, mwishowe akasema, "Jamani, tufunge."

Taa iliwaka wakikaza skrubu ya mwisho ya jeneza. Sauti ya Ochieng ikatoka kwa spika zote za kanisa: "Achieng, nimerudi. Mama yuko wapi? Nionyesheni mama."

Achieng akaangalia jeneza, akaniangalia mimi. Pasta akatikisa kichwa, kwamba likishafungwa limefungwa.

Siku hizi nahifadhi kwanza, hata niitwe na rais siinuki. Achieng hajawahi kunilaumu. Akipita hapa dukani kwangu ananisalimia vizuri kabisa, anauliza watoto wangu wako aje, na hiyo ndiyo inanimaliza. Afadhali angenitukana.